Tunda Lililovaa Koti

Mimi ni mtu wa kushuku na sijawahi kuomba msamaha kwa hilo. Maziwa nikiuziwa naonja kwanza. Mtu akinisalimia kwa kicheko kirefu namuuliza anataka nini. Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo, na ndiyo sababu ploti yetu ya Kawangware ilibaki yetu wakati majirani walikuwa wakitia vidole gumba kwenye karatasi wasizozijua. Kwa hiyo siku moja niliporudi kutoka shule niliyokuwa nikifundisha, nikamkuta mama kwenye kigoda chake karibu na geti, naye akaniuliza kama maji ya mto yanaweza kumbeba mtu hadi Uganda, sikucheka. Nilijua kuna mtu amemlisha maneno.

"Mto gani, mama?"

"Ule alioingia kijana wetu wa koti."

"Huyo ni mtu wa kitabu, mama. Na kitabu kiliisha."

"Kumbe hakikuisha," akasema, akageuza uso kutazama barabara.

Kijana wetu wa koti alikuwa mpelelezi wa kwenye vitabu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vyembamba, vya Kiswahili, karatasi zake zikigeuka rangi ya chai kabla hujavimaliza, na viliuzwa mjini kwenye vibanda vya magazeti. Mpelelezi alikuwa mrefu, goti la kushoto bovu, koti la kijivu mwilini hata jua likiwaka, na koti lenyewe lilikosa kifungo cha mwisho tangu kitabu cha kwanza. Chai alikunywa bila sukari. Mwandishi hakuwahi kutuambia kabila lake, na hilo lilitupa kazi. Sisi Wakikuyu tulisema ni wetu, maana hapotezi senti wala neno. Wajaluo walisema ni wao, kwa lile koti na kile Kiingereza chake cha kunyoosha. Waluhya nao walikuwa na hoja zao. Watu wazima walikosana kwa ajili ya mtu asiyekuwepo duniani, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Aliyevileta nyumbani alikuwa kaka yangu mkubwa, fundi wa magari. Akitoka gereji alikaa jikoni na ovaroli lake, kitabu mkononi, akitusomea huku mama akisonga ugali. Mama hakwenda shule, kwa hiyo kaka alisoma Kiswahili kwa macho na kutoa Kikuyu kwa mdomo, bila kusita, na kila sauti akiiga. Mama alikuwa akikatiza na mwiko hewani: "Muuaji ni yule mwenye duka! Angalia anavyojibu." Mara nyingi alikuwa hajakosea. Alimpenda mpelelezi yule, alimwita kijana wangu, na alimwonea huruma kwa goti lake.

Kisha kaka akaenda Kampala. Aliambiwa kuna gereji inayotafuta mafundi wazuri. Baba alikuwa hai bado, na kwa furaha ya kwamba kijana akirudi ataoa, aliagiza tunda la muratina kutoka Murang'a ili wazee wapate pombe yao siku ya ruracio, siku ya kupeleka mahari. Kwa asiyelijua, ni tunda refu kama mkono wa mtu mzima, linaning'inia mtini kwa kamba yake, na bila hilo pombe yetu ya asali haichachuki. Baba alilikausha akalitundika jikoni kwenye msumari juu ya moto. Mama, mtu wa kanisa, alinung'unika kwamba anapikia chini ya kileo, lakini hakuliondoa.

Barua za kaka zilikuja, halafu zikaacha kuja. Ilikuwa miaka ile ambayo habari za upande ule watu walizisema kwa sauti ya chini, wakitazama nyuma kwanza. Wengine walirudi kwa miguu, wamekonda, hawataki kuulizwa. Tuliwauliza. Hakuna aliyemwona. Baba alikufa akiwa bado anauliza.

Katikati ya hayo kikatoka kitabu kipya cha mpelelezi. Nilikinunua mimi na nikamsomea mama mimi, maana nani mwingine alikuwepo? Mwishoni mto umefurika, mpelelezi anaingia majini kumfuata mhalifu, na asubuhi watu wanakuta koti lake limenaswa kwenye tawi. Basi. Chini waliandika kwamba sehemu ya pili inakuja. Haikuja. Nilikwenda kibandani hadi mwenye kibanda akawa ananiona kwa mbali na kutikisa kichwa. Ati mwandishi hajulikani aliko, ati waliokuwa wakivichapa wamefunga mlango. Mama aliposikia alisema neno moja tu: "Koti si mtu."

Tangu siku hiyo geti letu halikufungwa. Si mchana, si usiku. Mama alikaa kwenye kigoda pale, na hakutoka. Kanisani hakwenda. Sokoni hakwenda. Dada yake wa Kiambu, waliyenyonya naye titi moja, alipofariki, mama alimlilia hapo hapo getini na maziko yakapita bila yeye. "Nikienda," aliniambia, "akija atamkuta nani?" Miguu yake ilianza kuvimba kwa kukaa. Chumba cha kaka hakikupangishwa. Ovaroli lake la zamani liliendelea kuning'inia nyuma ya mlango. Jioni mama alimpakulia chakula chake, kikafunikwa, na asubuhi kikapewa kuku. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Kwetu la asiyekuwepo ndilo lililokuwepo kuliko letu sote.

Mimi? Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa na hamu moja tu, mama ainuke pale kabla miguu haijakataa kabisa, afunge geti, aishi. Ndiyo maana swali lake la mto lilinipandisha moto kichwani.

Sikuhitaji upelelezi mwingi. Katika vyumba vyetu vya mbao kulikuwa na mpangaji kijana, mwanamke wa upande wa ziwani, aliyeuza omena, wale dagaa wakavu, pale barabarani. Mchana wote alikuwa karibu na geti na karai lake. Nilimwendea.

"Unamsomea nini mama yangu?"

Hakuficha, na hilo likanifanya nishuku zaidi. Alifuta mikono, akainua gunia alilofunikia omena, akatoa karatasi zilizopigwa taipu na kushonwa kwa uzi pembeni. Herufi zilikuwa za kaboni, za zambarau, zimefifia. Zilinuka samaki.

"Dada, si mama mwenyewe aliniuliza ninasoma nini? Nikamwambia ni yule mtu wa koti. Akanishika nguo, hakuniachilia."

"Mwandishi amerudi?"

"Hapana. Hii inaandikwa Kibera, Kisumu Ndogo, huko ninakonunua omena. Kuna mama anaiandika kwa mapenzi tu. Ukimaliza unampa mwingine."

Kwa mapenzi tu! Nilicheka kwa pua. Tangu lini mtu akaandika kitu cha mwenzake kwa mapenzi? Kwangu huo ulikuwa wizi, sawasawa na mtu kuingia katika nyumba ambayo mwenyewe amesafiri, akaanza kupanga viti. Na hofu yangu ilikuwa kubwa kuliko wizi. Watamfufua! Nani anaandika mwendelezo wa mtu aliyezama ili amwache amezama? Mpelelezi atatoka majini na goti lake, watu watapiga makofi Kisumu Ndogo, na huku Kawangware mama atasema unaona? Hapo hatainuka kigodani hadi tumbebe.

Nilizichukua zile karatasi kwa nguvu. Nilikwenda nazo shuleni, na watoto walipotoka nilikaa na kalamu nyekundu. Nilitaka makosa. Vitabu vile nilivijua kwa moyo, na mtu wa kuiga lazima ateleze mahali. Nitamwona, nilisema, atasahau kifungo, atamtilia sukari kwenye chai.

Hakusahau kifungo. Goti lilikuwa la kushoto. Hata ile tabia ya mpelelezi ya kugonga meza kabla ya kusema uongo, ambayo mimi nilidhani nimeigundua peke yangu, ilikuwepo, anaikumbuka polisi mmoja akisimulia. Badala ya kutulia nikazidi kushuku. Huyu ameiba mswada wa mwenyewe, niliwaza. Hakuna mtu anayemjua hivi mtu asiyekuwepo.

Kisha ikaja sehemu iliyonifanya niiweke kalamu chini. Watu wanakokota nyavu mtoni, na basi linasimama, anashuka mwanamke mzee na kuku ndani ya kikapu. Ni mama yake mpelelezi. Amekuja kumtafuta. Anaomba apewe lile koti, halitazami, analinusa tu shingoni, anasema, "Ni lake." Halafu anakaa kando ya barabara inayotoka mtoni na kukataa kuondoka.

Nilikuwa nimesoma mfululizo ule wote, vitabu vingine mara mbili mbili, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama mtu yule ana mama.

Lakini mwanamke aliyekaa kando ya barabara na kukataa kuondoka, huyo nilimjua. Damu ikanipanda. Kumbe ndiyo maana! Mpangaji wetu amekwenda kutusimulia Kibera, na huyo mwandishi wa kaboni anamtumia mama yangu kuchekesha watu. Jumamosi ile nilimwambia mpangaji avae viatu, twende.

Tulikwenda kwa miguu, tukaivuka Ngong Road, mimi mbele na yeye nyuma akinisihi nisimwaibishe. Kisumu Ndogo omena zilikuwa zimeanikwa kwenye magunia hadi mlangoni mwa kanisa, na ndani ya kanisa ngoma zikilia. Nilitarajia kumkuta mjanja fulani wa maneno mengi. Nilimkuta mwanamke wa rika langu, mnene kidogo, amefunga kanga, anafua. Alikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya mjini. Saa ya chakula wenzake wakitoka, yeye alibaki na taipureta.

"Karibu, nyar Kawangware," alisema, binti wa Kawangware, baada ya mpangaji kumnong'onezea kwa Kijaluo. "Nakala za kaboni natoa tano. Iliyofika kwenu ni ya tano, ndiyo maana haionekani vizuri. Nisamehe."

"Sikuja kwa sababu ya kaboni. Nani amekupa ruhusa?"

"Ya nini?"

"Ya kuandika mtu wa mwenzako."

Alikamua shati, akaliweka. "Nilikasirika tu. Mtu ametumikia watu vitabu vyote vile, halafu anaachwa mtoni, na koti mtini! Kwetu haifanyiki. Nilingoja mwenyewe aje amtoe. Hakuja. Sasa mimi ningefanya nini?"

"Na huyo mama yake? Ni nani aliyekusimulia habari za mama yangu?"

Alinitazama, akamtazama mpangaji, na niliona kweli hajui. Mpangaji alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Kwa hiyo nilijikuta mimi ndiye ninayesimulia, nimesimama kati ya beseni na kamba ya nguo: kaka, Kampala, geti, maziko ya Kiambu. Nilikuwa nimekuja kugomba, ona sasa. Yule mwanamke alisikiliza hadi nikaishiwa.

"Pole sana," akasema. "Lakini dada, mama wa kungoja unadhani ni wako peke yako? Pita mlango kwa mlango hapa. Sikumwandika wako. Sikujua una mama."

Sikumwamini. Akatuletea chai. Niliionja kwanza.

"Niambie kitu kimoja tu," nikasema. "Atatoka majini au hatatoka?"

"Wewe unataka atoke?"

Nilifungua mdomo, haki ya Mungu, na hakuna kilichotoka. Nikitaka atoke, geti litabaki wazi na mama atafia pale kigodani. Nikitaka asitoke, nimemzika ndugu yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu na kikombe cha chai mkononi. Nilichukia kuulizwa. Nilimchukia na yeye aliyeuliza.

"Basi hata mimi sijui bado," alisema.

Njiani kurudi nilimwambia mpangaji karatasi nyingine isifike kwa mama kabla haijapita kwangu. Aliapa. Nikawa namngoja kila akitoka kuchukua omena, nasimama pale barabarani kama askari wa forodha. Wiki zikaenda. Sijui kwa nini nilikuwa nikiharakisha kutoka shule, kama si kwa kushuku.

Siku karatasi zilipokuja, nilizisoma hapo hapo, karai lake likiwa bado kichwani mwake. Na nilipofika katikati nilitukana kwa Kikuyu.

"Huyu mwanamke ananicheka! Wamezika muratina!"

Maana ndivyo ilivyoandikwa. Mpelelezi hakupatikana. Wazee wakakaa, wakaamua, na kijana akatumwa porini kuleta lile tunda refu la kuning'inia kwa kamba, na yule karani alilieleza vizuri hata asiyejua jina angelijua. Wakalilaza ndani ya nyumba. Watu wakalilia! Nilijua mara moja maana yake. Hakutosheka kumteka mpelelezi wetu na kumfanya Mjaluo, sasa anamzika kama mlevi, na tunda la pombe, tena baada ya mimi kumwaga moyo wangu pale kwenye beseni lake. Nilikuwa nalia kwa hasira.

Mpangaji alianza kucheka niliposema pombe, kisha akaona uso wangu, akaacha. Alitua karai.

"Pombe? Dada, nyinyi mnalitia kwenye pombe? Nyasaye wangu! Hilo ni yago." Akaniambia polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwao mtu akipotea, majini au vitani au popote, na mwili usipatikane, haachwi hivyo. Linatafutwa yago, linalazwa mahali pake, analiliwa kwa jina lake, anazikwa kama alivyostahili. "Bila hivyo anazungukazunguka. Na walio nyumbani nao wanazungukazunguka. Babu yangu mmoja alikwenda vita vya Wazungu na hakurudi. Kaburi lake liko nyumbani, ninalijua. Ndani ni yago."

Nilirudi darasani nikakaa kwenye dawati la mtoto, nikasoma upya tangu mwanzo, na safari hii kalamu nyekundu ilibaki kwenye mkoba.

Mama mtu, katika hadithi ile, hataki. Amekaa kando ya barabara na kuku wake, anasema hatazika tunda, yeye hakuzaa tunda. Wanambembeleza. Mwishowe anainuka, anaingia nyumbani, analitazama lile tunda lilivyolazwa, na anasema litaona baridi. Anachukua lile koti la kijivu analivisha. Mikono inaning'inia mitupu. Anafunga vifungo kimoja kimoja, na akifika cha mwisho ambacho hakipo, kile ambacho sisi wasomaji tulikitania miaka yote, vidole vyake vinakitafuta. Vinakitafuta tu. Anang'oa kifungo cha gauni lake mwenyewe na kuomba sindano.

Mjomba mmoja mkali analigombeza tunda: ulikwendaje bila kuaga? Halafu anamgeukia yule mama na kumuuliza swali ambalo kila mtu analiogopa. Na akirudi? Yeye, uzi bado mdomoni, anajibu: "Akirudi atakuta alililiwa. Ni aibu gani hiyo?"

Wakishamzika anaomba chai. Wanamwekea sukari, anairudisha. Anataka bila.

Nililia juu ya dawati la mtoto hadi mlinzi wa shule akaja kuuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo. Mimi, niliyekwenda Kibera kumkamata mwizi! Nilisema siku ile, na sirudishi, kwamba karatasi zile za kaboni zenye harufu ya samaki zilivishinda vitabu vyote vya kibandani. Mwenye mpelelezi alimpa koti na goti na ujanja. Huyu alimpa watu wa kumlilia. Baadaye nilisikia Kisumu Ndogo kulikuwa na ugomvi, vijana wakimwambia amrudishe mtu wao, na yeye aliwajibu aliyezikwa amezikwa, mwenye kutaka aandike yake.

Lakini shaka haiishi siku moja, na kusoma mwenyewe si kumsomea mama. Nilizunguka na karatasi zile kwenye mkoba siku kadhaa. Je, akiona ninamwambia azike mwanawe? Je, akinifukuza? Jumapili alasiri, nyumba ikiwa kimya, watu wako kanisani, nilijilazimisha. Niliketi chini kando ya kigoda. Mpangaji alikaa ng'ambo na karai lake tupu. Nilisoma Kiswahili kwa macho, nikatoa Kikuyu kwa mdomo, kama kaka alivyofanya, na sikuwahi kujua kwamba ni kazi ngumu hivyo.

Mama alikatiza upesi. "Kumbe alikuwa Mjaluo?"

"Hapa, ndiyo."

Alifikiri. "Haya. Ni mtoto wa mtu. Endelea."

Nilipofika kwenye tunda, alimtazama mpangaji, kisha akatazama mlango wa jikoni, ambapo ukikaa vile unaliona tunda la baba limekauka, jeusi kwa moshi, juu ya msumari wake.

"Ni lile?"

"Ni lile, mama," mpangaji alisema.

"Na hawakutengeneza pombe."

"Hapana."

"Walikuwa wamejua kwamba amekufa?"

"Hakuna aliyejua," nikasema.

"Na bado wakazika."

Niliendelea. Niliposoma jibu la yule mama kwa mjomba, mama yangu aliweka mkono juu ya karatasi. "Soma tena hapo." Nikasoma. "Tena." Nikafuta macho, mpangaji akalisema kwa Kiswahili kwa niaba yangu, maana alilijua kwa moyo. Mama hakulia. Alikaa akisugua magoti yake. Mwishowe aliuliza kama aliyeandika ana watoto, nikamwambia sikuuliza, akasema ningeuliza. Jioni alimpakulia kaka chakula kama kawaida, akakifunika. Nikajiambia basi, imeshindikana. Hadithi ni hadithi.

Ilipita muda. Siku moja nilirudi kutoka shule na kigoda hakikuwa na mtu. Halafu nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka, nikasimama pale njiani na daftari za watoto mkononi. Geti lilikuwa limefungwa.

Nilizunguka kwa nyuma, kwenye mwanya wa ua ambao watoto wa wapangaji huupenya. Niliita, hakuna jibu. Mpangaji hakuwepo. Jikoni, msumari wa baba ulikuwa mtupu. Mlango wa chumba cha kaka ulikuwa wazi, ndani kumefagiliwa, na ovaroli halikuwepo nyuma ya mlango. Nilitoka nje, nikaenda chini ya dirisha lake. Udongo ulikuwa umechimbwa na kushindiliwa vizuri, na juu yake mtu alikuwa amepanda maharagwe kwa mistari iliyonyooka, kama mama alivyopanda maharagwe maisha yake yote.

Mtoto wa mpangaji mwingine, mmoja wa wale waliomwita mama cucu, yaani nyanya, ndiye aliyeniambia, kutoka mlangoni kwao. "Cucu ameenda Kiambu na akina mama wa kanisa na yule wa omena. Ameenda kwa kaburi la dada yake. Aliniambia nifunge geti akitoka."

Niliingia ndani nikaketi. Niliwasha jiko, nikateleka chai, nikajaribu kusahihisha daftari. Kulikuwa kimya kwa namna ambayo sikuizoea, kwa sababu geti letu likiwa wazi barabara yote ilikuwa ndani ya nyumba yetu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama.

Na hapo geti likabishwa.

Miaka yote ile hakuna mtu aliyekuwa amebisha geti letu. Ni nani abishe geti lililo wazi? Nilisikia ngumi kwenye bati, mara moja, halafu tena, na kabla sijafikiri neno nilikuwa nimeangusha kiti na ninakimbia uani bila viatu. Nilikuwa naita. Mimi niliyekata tamaa, mimi nisiyedanganyika, nilikuwa naita, "Kaka! Nakuja! Kaka!" Komeo lenye kutu likakataa, nikalipiga kwa kiganja hadi likaachia.

Alikuwa mama. Alikuwa na vumbi la Kiambu miguuni, ameegemea bega la mpangaji, amechoka. Alikuwa amenisikia. Alinitazama usoni muda mrefu.

"Hata wewe," akasema.

Akanivuta kifuani pale pale, mbele ya wapita njia, na akaniacha nilie. Nilipomaliza tuliingia ndani, na yeye mwenyewe akageuka kulisukuma komeo.